Maradhi ya Ulaji Ujanani na Afya ya Miaka ya Baadaye

Mada iliyowasilishwa kwa wazazi, walimu na watumiaji wa dawa katika maadhimisho ya Siku ya Haki za Mtumiaji Duniani



Kwa kawaida, katika siku kama ya leo, tunazungumzia dawa bandia, tarehe ya mwisho wa matumizi na umuhimu wa kudai stakabadhi. Mambo hayo hayajapungua uzito. Mwaka huu, hata hivyo, tumeona tulichukue suala ambalo hutufikia kwa mlango wa nyuma. Mtu huja, au hupiga simu, kuuliza kama chai au kidonge fulani cha kupunguza mwili kimesajiliwa. Tunamjibu. Kisha, anapokaribia kuaga, huongeza kwamba alipokuwa kidato cha pili au cha tatu aliwahi kuacha kula kwa miezi mingi, au alikuwa akila na kujitapisha, na kwamba yale yaliisha zamani. Kwake hilo ni neno la pembeni. Kwetu ndilo neno zito kuliko yote aliyoyasema, kwa sababu bidhaa isiyomdhuru jirani yake yaweza kumdhuru yeye, hata ikiwa imepita miaka 15 tangu apone.

Siku hii ya tarehe 15 Machi inakumbusha ujumbe ambao Rais John F. Kennedy wa Marekani aliupeleka kwenye Bunge la nchi yake mwaka 1962, akitaja haki nne za mtumiaji: usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Leo tunaishughulikia ile ya pili.

Tunaposema maradhi ya ulaji hatumaanishi deko la mtoto anayekataa mboga. Anoreksia ni hali ya mtu kujinyima chakula kwa hofu kubwa ya kunenepa, hata pale mwili wake umekwisha kukonda; jina hilo liliingizwa katika maandiko ya tiba na daktari Mwingereza, William Gull, katika miaka ya 1870. Bulimia, ambayo Gerald Russell aliieleza huko London mwaka 1979, ni ya mtu anayekula kwa wingi bila kuweza kujizuia, kisha akajaribu kukiondoa chakula kwa kujitapisha, kwa haluli au kwa mazoezi ya kupita kiasi. Upo na ugonjwa wa tatu, wa kula kwa wingi namna hiyo bila kukiondoa, ambao chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliutambua rasmi kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013. Yote haya huanza zaidi katika umri wa balehe na ujana wa mwanzo. Wavulana nao huyapata, ijapokuwa ni nadra mtu kuwauliza.

Wapo watakaosema kwamba haya ni magonjwa ya Ulaya, na kwamba kwetu mwanamke aliyenawiri ndiye anayesifiwa. Hoja hiyo tunaiheshimu, ila imekwisha kupata jibu lake mbali na Ulaya. Katika visiwa vya Fiji, ambako mwili mkubwa ulihesabiwa kuwa dalili ya kutunzwa vyema na ndugu, televisheni iliingia mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker na wenzake waliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo, kisha wakawahoji wengine wa rika lilelile mwaka 1998. Idadi ya waliokuwa na dalili nzito za matatizo ya ulaji ilipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Kujitapisha kwa nia ya kupunguza mwili, jambo ambalo mwaka 1995 hakuna hata mmoja aliyelitaja, mwaka 1998 lilitajwa na asilimia 11.3. Ilikuwa ni miaka mitatu tu. Tukumbuke kwamba Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vyake vya televisheni mwaka 1994, Zanzibar ikiwa imetangulia tangu miaka ya 1970, na kwamba kioo kilicho mkononi mwa binti leo kinamwonyesha miili mingi kwa saa moja kuliko televisheni ile ya Fiji kwa juma zima.

Tofauti yetu ni kwamba hapa ugonjwa hujificha nyuma ya majina mengine. Msichana husema ana vidonda vya tumbo, na nyumba nzima ikamwamini. Mwingine hufunga Jumatatu na Alhamisi, kisha akaongeza siku za katikati, na sifa za uchaji zikamfunika. Mwingine hukonda, majirani wakanong'ona juu ya kifua kikuu au UKIMWI, au juu ya mkono wa mtu. Kwa hiyo wengi huingia katika ugonjwa na kutoka bila jina lake kuandikwa kwenye kadi yoyote ya hospitali. Tunalitaja hili mapema kwa kuwa yote yatakayofuata yanategemea mtu kujua aliugua nini.

Habari njema itangulie. Watu hupona, tena hata wale ambao ndugu zao wamekwisha kukata tamaa. Watafiti wa Boston waliwafuatilia wanawake 246 waliokuwa na anoreksia au bulimia. Baada ya takriban miaka tisa, chini ya theluthi moja ya wenye anoreksia walikuwa wamepona. Baada ya takriban miaka 22, waliopona walikuwa karibu theluthi mbili. Kwa bulimia, theluthi mbili walikuwa wamepona tayari katika kipindi kile cha kwanza. Mzazi ambaye binti yake ana mwaka wa tano katika ugonjwa huu ana haki ya kuzijua takwimu hizo. Anayo haki pia ya kuijua sura ya pili: uchambuzi uliojumlisha tafiti 36, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba vifo miongoni mwa wenye anoreksia ni karibu mara sita ya vifo vya watu wa umri wao, na kwamba kifo kimoja katika kila vitano kilitokana na mtu kujiua. Kwa hiyo kijana mwenye ugonjwa huu akisema amechoka kuishi, asijibiwe kwa mawaidha peke yake. Asiachwe pweke, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tuingie katika mwili wa yule aliyepona.

Mezani watu hutaniana kwamba mwili haujengwi kwa matofali. Mifupa ya kijana, kwa kweli, hujengwa mfano wa ukuta, na fundi wake ana muda maalumu wa kazi. Hadi msichana anapofika miaka 18, amekwisha kujiwekea takriban asilimia 90 ya wingi wa mifupa atakaokuwa nao katika maisha yake. Mvulana hufika hapo karibu na miaka 20. Anayejinyima chakula katika miaka hiyo hupoteza mambo mawili kwa pamoja: madini na protini za kujengea, na homoni ya estrojeni inayousimamia ujenzi wenyewe, ambayo hupungua na hedhi ikakatika. Akirudia kula, mifupa huanza tena kujengeka, na kwa wengine hupata nafuu kubwa. Lakini muda ule wa ujenzi haurudi wote. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, madaktari walizifuatilia kumbukumbu za watu 208 waliowahi kugunduliwa kuwa na anoreksia, wengine kwa miongo kadhaa, wakakuta kwamba walivunjika mifupa karibu mara tatu kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa kawaida. Mivunjiko ya nyonga, uti wa mgongo na kigasha cha mkono iliwatokea miaka mingi baada ya ugonjwa wenyewe kusahauliwa.

Kuna kosa moja la kibidhaa hapa ambalo lazima tulisahihishe. Mama anaona hedhi ya binti yake imekatika, anashauriwa amnunulie vidonge vya uzazi wa mpango ili damu irudi, na damu inarudi kweli. Damu hiyo ni kazi ya kidonge. Haithibitishi kwamba mwili umepona, wala vidonge hivyo havijaonekana kuirejeshea mifupa nguvu kwa wasichana wenye anoreksia. Ubaya wake ni kwamba vinaiondoa alama pekee ambayo familia ilikuwa ikiitazama. Kinachojenga mfupa ni chakula cha kutosha na uzito kurudi mahali pake. Dawa nyingine, zikihitajika, ni uamuzi wa daktari bingwa. Na kile kipimo cha eksirei cha kupima wingi wa madini ya mifupa, ambacho tumezoea kukihusisha na wazee, kina maana kwa mwanamke wa miaka 30 mwenye historia hii. Amwombe daktari wake wakijadili.

Meno yana hadithi fupi zaidi. Asidi ya tumbo hulila gamba gumu la nje la jino, hasa upande wa ndani wa meno ya mbele ya juu, na gamba hilo likishaisha halioti tena. Ndiyo maana daktari wa meno mara nyingi huwa mtu wa kwanza kuligundua jambo ambalo mama mzazi hajaligundua, na tungependa vijana wajue kwamba wanaweza kumweleza. Anayetapika, kwa sababu yoyote ile, asipige mswaki papo hapo, kwa kuwa gamba lililolainika husuguliwa likaondoka. Asukutue kwa maji kwanza.

Moyo na figo tuziweke pamoja kwa sababu zinaunganishwa na madini moja, yaani potasiamu. Kutapika mara kwa mara, haluli na dawa za kukojoza huitoa potasiamu mwilini, na moyo usio na potasiamu ya kutosha hupoteza mapigo yake ya kawaida, pengine bila onyo. Mabadiliko mengi ya moyo yaliyoletwa na njaa hurekebishika mtu anapolishwa vizuri. Figo zilizokaa muda mrefu bila potasiamu na bila maji ya kutosha, hazirudi zote. Mwimbaji Karen Carpenter wa Marekani alifariki tarehe 4 Februari 1983 kwa moyo kushindwa kufanya kazi, akiwa na miaka 32. Alikuwa ametoka hospitali miezi michache tu kabla, akiwa ameongezeka uzito, na walio karibu naye walikuwa na matumaini. Kifo chake ndicho kilichowafanya watu wengi duniani kulisikia jina la ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, na sisi tunakitaja kwa sababu moja ya kitaalamu: mizani haipimi moyo. Hata kule kulishwa upya kwa mtu aliyekonda sana kuna hatari yake, kwani madini ya damu, hasa fosfati, huweza kushuka ghafla. Nyumba isijaribu kumshindilia chakula mgonjwa wa namna hiyo kwa huruma. Kazi hiyo ianze chini ya uangalizi wa hospitali.

Juu ya uzazi, hofu huwa kubwa kuliko hali ilivyo. Wengi waliopona hupata watoto. Tena kukosa hedhi si kinga ya mimba, kwani yai laweza kupevuka kabla ya damu ya kwanza kuonekana. Linalotakiwa ni mkunga kujua. Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo, kuongezeka uzito kila mwezi na maneno ya watu juu ya tumbo na mashavu huweza kuuamsha ugonjwa uliolala, na miezi ya baada ya kujifungua huwa migumu zaidi. Mama mwenye historia hii anaweza kumwomba mkunga ampime akiwa ameipa mizani kisogo, na namba iandikwe bila kutajwa. Ni ombi dogo, halina gharama, na hakuna muuguzi anayepaswa kuliona kuwa ni kiburi.

Tunafika sasa kwenye kazi yetu wenyewe, yaani dawa na bidhaa.

Ipo dawa iitwayo bupropioni, inayotumika kwa sonona na kwa watu wanaotaka kuacha sigara. Katika baadhi ya nchi imeunganishwa na dawa nyingine ili kupunguza uzito. Iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1985, ikaondolewa sokoni mwaka 1986 kwa sababu ya degedege, ikarudishwa mwaka 1989 kwa dozi ndogo zaidi. Degedege hilo lilijitokeza waziwazi kwa wagonjwa wa bulimia waliopewa dawa hiyo katika utafiti. Tangu hapo maelezo yake yanasema kwamba asipewe mtu mwenye anoreksia au bulimia, wala mtu aliyewahi kuwa nazo. Tunaomba mlipime neno hilo, aliyewahi. Daktari anayeandika dawa ya sonona kwa mwanamke wa miaka 34 hawezi kulijua la kidato cha tatu asipoambiwa, na mwanamke huyo hawezi kulisema ikiwa hajui kwamba lina uhusiano wowote na sonona yake. Kwa hiyo, alau jambo hili moja lisitoke katika kumbukumbu zenu.

Chai za kupunguza tumbo zina mengi ya kusemwa. Nyingi zimetengenezwa kwa sanamaki, majani ambayo bibi zetu wa pwani wameyatumia kwa choo kigumu, kwa kiasi na kwa siku chache. Hatuna ugomvi na sanamaki ya bibi. Ugomvi wetu ni na pakiti inayomwambia binti anywe kila usiku kwa mwezi mzima ili akonde. Chakula hufyonzwa katika utumbo mwembamba, ilhali sanamaki hufanya kazi katika utumbo mpana, baada ya lishe kwisha kuingia mwilini. Kinachotoka ni maji na madini. Namba ya mizani hushuka leo na kupanda keshokutwa, na aliyewahi kuwa na bulimia, ambaye haluli ndiyo iliyokuwa silaha yake, amerudishiwa silaha hiyo katika pakiti yenye picha ya ua na neno asilia.

Neno asilia lenyewe halina dhamana. Sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula, iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kwamba inaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo na mishipa. Miaka yote iliyofuata, mamlaka za udhibiti za nchi mbalimbali zimeendelea kuikuta imechanganywa kwa siri katika vidonge na kahawa zilizoandikwa kuwa ni mitishamba mitupu. Mtu ambaye moyo wake umewahi kudhoofishwa na njaa hana sababu ya kuijaribu bahati hiyo. Na sasa zimekuja sindano za semaglutaidi. Ni dawa halali kwa kisukari cha aina ya pili na, kwa usimamizi wa daktari, kwa unene uliozidi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya sindano bandia zilizokutwa Brazili, Uingereza na Marekani. Lakini hata iliyo halisi inanyamazisha njaa, na kwa mtu aliyechukua miaka mingi kujifunza upya kuisikia njaa yake, hilo ni jambo la kujadiliwa na daktari anayeijua historia yake. Halifai kuagizwa kwa ujumbe wa simu kutoka kwa muuzaji asiyeonekana.

Katika duka la dawa, sentensi moja inatosha: "Niliwahi kuwa na ugonjwa wa kujinyima chakula nikiwa shuleni, je, dawa hii inanifaa?" Huna haja ya kueleza zaidi ya hapo mbele ya foleni. Mfamasia akikosa jibu, mwombe maelezo yaliyo ndani ya boksi myasome pamoja, hasa sehemu inayoeleza nani asitumie.

Tuliulizwa mapema na mama mmoja hapa juu ya Ramadhani na Kwaresima. Mgonjwa ana ruhusa katika dini, na ugonjwa huu ni ugonjwa. Kwa aliyepona, swali si kama mwili unaweza kustahimili siku moja ya saumu. Ni kama saumu itamrudishia zile hesabu za zamani, za kujisifu kwa kila tonge asilolila. Azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, na na shehe au padri wake anayemwamini. Nyumbani, mwacheni ale daku na futari yake bila sahani yake kukaguliwa wala kusifiwa.

Fomu za kutolea taarifa za madhara ya dawa zipo kwenye meza iliyo karibu na mlango. Huhitaji kuwa na uhakika kwamba ni dawa ndiyo iliyokudhuru. Andika ulichotumia, lini, na kilichotokea, na ukiweza hifadhi pakiti. Waliokuja na chai au vidonge mikobani, wafamasia wetu watabaki hapa hadi saa nane mchana, na chumba cha pembeni kimeachwa wazi kwa anayependa kuuliza faraghani.